Nani Alipanga Kipimo cha Hewa Tumboni?

Mgonjwa anayeondolewa mfuko wa nyongo kwa njia ya matundu madogo hujazwa hewa tumboni kabla ya jambo jingine lolote. Lita tatu, nne, pengine tano za hewa ukaa, yaani gesi ya kaboni dayoksaidi, hupitishwa kwenye sindano au mrija mwembamba, ukuta wa tumbo ukainuka na kuachana na utumbo, na ndipo mpasuaji anapopata nafasi ya kuingiza kamera na vyombo vyake. Mashine inayopuliza hewa hiyo huwekewa kikomo cha shinikizo. Katika hospitali nyingi duniani kikomo hicho ni milimita 12 hadi 15 za zebaki, na madaktari wanafunzi huikariri namba hiyo kama wanavyokariri joto la mwili. Lakini joto la mwili limewekwa na maumbile. Kipimo cha hewa kimewekwa na watu, kwa nyakati tofauti na kwa sababu tofauti. Hoja yangu ni kwamba kipimo hiki kilizoeleka kwa mwili wa aina moja, kisha kikahamishiwa kwenye mwili wa aina nyingine. Waliokizoea kwanza walikuwa madaktari wa magonjwa ya wanawake, na wagonjwa wao wengi walikuwa wanawake vijana wenye moyo imara, waliolazwa kwa muda mfupi huku kichwa kikiwa kimeinamishwa chini. Waliokirithi ni wapasuaji wa nyongo, ambao mara nyingi hulaza watu wazima wenye unene na maradhi ya moyo, kwa muda mrefu zaidi, kichwa kikiwa juu. Matatizo yaliyofuata yangeweza kutabiriwa, maana maarifa yaliyohitajika yalianza kuchapishwa katika karne ya 19.

Tuanze na maarifa hayo, kwa kuwa historia za upasuaji huyapita haraka. Mwaka 1863 Mfaransa Étienne-Jules Marey, mtaalamu wa kupima mwendo wa damu na pumzi, alieleza jinsi mabadiliko ya shinikizo kifuani na tumboni yanavyokwenda kinyume wakati wa kupumua. Mwaka 1870 mwenzake Paul Bert akaendeleza vipimo hivyo kwa wanyama. Mwaka 1876 Wendt, huko Ujerumani, aliandika kwamba kadiri tumbo linavyokazwa ndivyo mkojo unavyopungua. Mwaka 1890 Heinricius alionyesha kwamba paka na nguruwe wa Guinea hufa shinikizo la tumbo likipandishwa vya kutosha, naye alilaumu pumzi: kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua kilisukumwa juu, mapafu yakakosa nafasi. Kisha mwaka 1911 Haven Emerson wa New York alichapisha utafiti mrefu kuhusu paka, mbwa na sungura, na hitimisho lake lilikuwa tofauti. Kwa maoni yake moyo ndio uliotangulia kushindwa, kwa kukosa damu ya kuusukuma, kabla mnyama hajafa kwa kukosa pumzi. Kwa maneno mengine, figo, mapafu na moyo vyote vilikuwa vimekwisha kutajwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hakuna hata mmoja kati ya watafiti hao aliyekuwa akifikiria kuchungulia tumbo la mtu.

Aliyeunganisha shinikizo na kuchungulia alikuwa Georg Kelling, daktari wa Dresden, na jinsi alivyoyaunganisha inastahili kuangaliwa kwa makini. Vitabu vingi humtaja kama mtu wa kwanza kutazama ndani ya tumbo kwa kifaa, kwa kuwa tarehe 23 Septemba 1901, kwenye mkutano wa wanasayansi na madaktari wa Ujerumani uliofanyika Hamburg, aliingiza darubini ya kibofu cha mkojo iliyobuniwa na Max Nitze ndani ya tumbo la mbwa aliye hai. Lakini Kelling hakuanza na jicho. Alianza na hewa. Tatizo lililomsumbua lilikuwa damu inayovuja ndani ya tumbo, ambayo wakati ule ilimlazimu daktari ama kupasua tumbo la mgonjwa aliyekwisha dhoofu ama kusubiri kifo. Aliwaza kwamba hewa safi, iliyochujwa kwa pamba isiyo na vijidudu na kupulizwa kwa nguvu, ingebana mishipa iliyopasuka na kuzuia damu. Alipandisha shinikizo hadi milimita 50 na 60 za zebaki kwa mbwa wake. Wanyama walikufa, na damu haikukoma. Darubini ililetwa ili aone kwa macho yake hewa ile inavitenda nini viungo vya ndani. Kwa hiyo mtu wa kwanza kujaza tumbo hewa na kulichungulia alijua kwamba hewa hiyo ni tendo juu ya mwili, tena tendo kali. Sifa hiyo ndiyo iliyosahauliwa baadaye, pale hewa ilipogeuka kuwa nafasi tu ya kufanyia kazi.

Usahaulifu huo ulianza mapema. Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm, aliyechapisha mwaka 1910 taarifa ya kuchungulia matumbo na vifua vya watu walio hai, alifanya kazi kwa uangalifu mkubwa, na mwanzoni aliwachagua wagonjwa waliokuwa na maji tumboni. Kwao palikuwa na nafasi tayari: maji yalitolewa, hewa ikaingizwa mahali pake. Aliyefuata nyayo zake alilazimika kuitafuta nafasi pasipokuwapo, na mjadala ukahamia kwenye aina ya hewa. Hewa ya kawaida ilipatikana bure, lakini haiyeyuki kwa urahisi kwenye damu, na povu lake likiingia kwenye mshipa huweza kusafiri mpaka moyoni na kuuziba. Oksijeni ilitumiwa na baadhi yao. Mwaka 1918 Otto Goetze alibuni sindano ya kuiingiza tumboni ili picha za eksirei zionyeshe viungo vizuri. Mwaka 1924 Mswisi Richard Zollikofer alipendekeza hewa ukaa, kwa kuwa mwili huifyonza upesi. Wachache walimsikiliza mpaka mwaka 1933, Mjerumani Fervers alipojaribu kuchoma kwa umeme tishu zilizogandamana ndani ya tumbo lililojaa oksijeni. Ulisikika mlipuko, na miali ya moto ikaonekana kupitia ngozi ya tumbo. Baada ya hapo hakuhitajika mtu wa kueleza kwa nini oksijeni haifai.

Hewa ukaa ilishinda, basi, kwa sababu mbili: haiwaki, na huyeyuka haraka kwenye damu hivi kwamba povu dogo likiponyoka kwenye mshipa huweza kutoweka kabla halijaua. Sababu ya pili ina gharama yake. Hewa inayoyeyuka upesi ndiyo inayoingia mwilini upesi. Utando wa ndani wa tumbo ni mpana na una mishipa tele. Huifyonza hewa ukaa muda wote wa upasuaji na kuikabidhi kwa damu, damu ikaipeleka kwenye mapafu. Mapafu yasipoongezewa kazi, damu huelekea kwenye asidi, mapigo ya moyo huongezeka, shinikizo la damu hupanda, na moyo huweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake. Kilichochaguliwa ili kuepuka moto na povu kikaleta mzigo wa kikemia, ukaongezwa juu ya mzigo wa shinikizo ambao Emerson alikuwa ameueleza. Mizigo hii miwili ni tofauti, na mara nyingi huchanganywa. Wa kwanza unategemea aina ya hewa. Wa pili ungekuwapo hata kama tumbo lingejazwa maji.

Kuhusu shinikizo lenyewe, kwa miongo kadhaa hapakuwa na kipimo cha kuaminika. Hewa iliingizwa kwa bomba la sindano au kwa puto la mpira la kubinya kwa mkono, na daktari alilipapasa tumbo, akagonga, akasikiliza kama lina mlio wa ngoma. Mwaka 1938 János Veress wa Hungaria alichapisha kwa Kijerumani maelezo ya sindano yenye springi na ncha butu inayochomoza mara tu ncha kali inapopenya. Aliitengeneza kwa ajili ya kuingiza hewa kifuani mwa wagonjwa wa kifua kikuu, na wachunguliaji wa tumbo wakaiazima. Inatumika mpaka leo. Huko Marekani Albert Decker alipita njia nyingine kabisa katika miaka ya 1940: alimweka mwanamke apige magoti na kuinamisha kifua, mkao ambao hulifanya tumbo lining'inie na shinikizo lake lishuke chini ya lile la nje, kisha akapenyeza darubini kupitia ukeni. Hewa ya chumbani iliingia yenyewe. Naiona njia hiyo kuwa ushahidi muhimu, kwa kuwa inaonyesha kwamba shinikizo lilichaguliwa. Palikuwa na njia nyingine, na Marekani ilikaa nayo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Raoul Palmer wa Paris ndiye aliyeupa upande wa pili msingi wake. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940, mji ukiwa bado na majeraha ya vita, aliwachunguza wanawake wasiopata watoto akiwa amewalaza chali na kuinamisha kichwa chini, ili utumbo uteremke kuelekea kifuani na hewa ikusanyike kwenye nyonga. Palmer alisisitiza kwamba shinikizo lipimwe mfululizo na lisizidi 25. Kwake yeye kikomo kilikuwa sehemu ya ufundi. Mfuasi wake Patrick Steptoe aliipeleka njia hiyo Oldham, Uingereza, na kitabu chake cha mwaka 1967 kikaieneza kwa wanaosoma Kiingereza. Kwa njia hiyo hiyo alitoa mayai ya uzazi katika kazi yake na Robert Edwards iliyozaa mtoto Louise Brown mwaka 1978. Huko Ujerumani, Kurt Semm, aliyejifunza ufundi wa vyuma kabla ya udaktari, alitengeneza katika miaka ya 1960 mashine ya kupuliza hewa ukaa inayojisimamisha yenyewe shinikizo linapofika kiwango kilichowekwa. Mwaka 1980 alitoa kidole tumbo kwa matundu madogo, jambo lililowaudhi wapasuaji wengi wa nchi yake. Binafsi naihesabu mashine ile kuwa mchango mkubwa kuliko kidole tumbo. Mara ya kwanza shinikizo la tumbo likawa namba kwenye saa, namba ambayo mtu angeweza kuiandika, kuifundisha na kuirithisha.

Swali ni mwili wa nani uliipa namba hiyo idhini. Katika miaka ya 1960 na 1970 wengi waliolazwa walikuwa wanawake wa umri wa kuzaa, waliokuja kuchunguzwa ugumba au kufungwa mirija ya uzazi. Kichwa chini na miguu juu huirudisha damu kwenye moyo, na hivyo mkao wenyewe ulifidia sehemu ya madhara ya hewa. Hata hivyo dalili za hatari zilionekana. Mwaka 1972 Scott na Julian wa Edinburgh waliripoti katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba mapigo ya moyo yalivurugika mara nyingi zaidi hewa ukaa ilipotumika kuliko naitrasi oksaidi kwa wanawake waliokuwa wakipumua wenyewe chini ya dawa ya usingizi. Mwaka 1975 Ivankovich na wenzake walipandisha shinikizo kwa mbwa hadi 40, na damu iliyopita kwenye mshipa mkubwa unaopanda kutoka chini kuelekea moyoni ilipungua kwa zaidi ya nusu, ikiwa hewa ni hewa ukaa au naitrasi oksaidi. Matokeo hayo mawili, moja la kikemia na jingine la kimakanika, yaliwafundisha madaktari wa usingizi wampumulishe mgonjwa kwa mashine na wakatae shinikizo kubwa. Hivyo 25 ya Palmer ikashuka, na kiwango cha karibu 15 kikawa mazoea yanayokubalika. Yalikuwa mazoea mazuri kwa wagonjwa wale.

Inafaa kueleza kwa nini 15 si namba ndogo. Shinikizo ndani ya vena kubwa za tumbo huwa milimita chache tu za zebaki. Hewa ikianza kuingia, kwanza huzikamua vena za utumbo na ini, na damu iliyolala humo hukimbilia moyoni. Kwa muda mfupi moyo unaweza hata kusukuma zaidi. Shinikizo likizidi lile la vena, mshipa mkubwa hubanwa, damu hubaki miguuni, na moyo hupokea kidogo. Wakati huo huo ateri hukaza, kwa kubanwa na kwa homoni ambazo mwili huzimwaga ukidhani umepoteza damu, na hivyo moyo wenye damu kidogo husukuma dhidi ya ukinzani mkubwa. Kipimo cha shinikizo la damu mkononi huweza kuonekana kizuri, hata kimepanda, ilhali damu inayozunguka imepungua. Figo hupata sehemu yake ya hasara: mwaka 1947 Bradley na Bradley waliwabana tumbo watu wa kujitolea wenye afya hadi 20, na damu na uchujaji wa figo ukapungua kwa takriban robo. Mara nyingine kunyooshwa kwa ghafla kwa utando huamsha neva ya vagasi, na moyo hupunguza mwendo mpaka unakaribia kusimama, hata kwa kijana.

Tarehe 12 Septemba 1985, huko Böblingen, Erich Mühe alitoa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo akitumia hewa kwa namna ya Semm. Baada ya wagonjwa wachache tu aliiacha hewa, akatumia mrija mpana uliopitishwa chini ya ukingo wa mbavu. Wapasuaji wenzake walimpokea kwa baridi. Mwaka mmoja kabla yake, Kron na wenzake huko Virginia, Marekani, walikuwa wameripoti kwamba wagonjwa ambao tumbo lao lilivimba baada ya upasuaji mkubwa, shinikizo likizidi 25 na mkojo ukikata, hupona upesi tumbo likifunguliwa tena. Kwa hiyo katika miaka ile ile idara ya wagonjwa mahututi ilikuwa ikijifunza kuliogopa shinikizo la tumbo, na chumba cha upasuaji kilikuwa kikijiandaa kulitengeneza kwa makusudi. Philippe Mouret wa Lyon alitoa nyongo kwa kamera mwaka 1987, François Dubois wa Paris akafuata mwaka 1988, na ndani ya miaka michache njia hiyo ikaenea dunia nzima, kasi ambayo upasuaji haukuwa umeizoea. Kipimo cha hewa kilisafiri pamoja nayo bila kuulizwa upya. Kwa nyongo, hata hivyo, mgonjwa huinuliwa kichwa ili utumbo uondoke kwenye ini, na mkao huo huiacha damu miguuni, kinyume kabisa na ule wa Palmer. Mwaka 1993 Jean Joris na wenzake wa Liège walipima wagonjwa wenye afya wakati wa upasuaji huo, hewa ikiwa 14. Dawa ya usingizi, kuinuliwa kichwa na hewa kwa pamoja vilikishusha kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo hadi kufikia nusu ya kile cha kabla ya usingizi. Hao walikuwa wenye afya.

Kuna watakaosema kwamba mapinduzi haya yaliletwa na kamera, na kwamba hewa ilikuwa kitu cha kando. Ni kweli kwamba kamera ndogo ya elektroniki ya miaka ya 1980 iliwawezesha watu wawili au watatu kuona picha moja na kushirikiana, na bila hiyo upasuaji mgumu usingewezekana. Lakini kamera ndiyo iliyorefusha muda wa hewa. Uchunguzi wa dakika kumi ukawa kazi ya saa moja na zaidi, na mwili ukapewa nafasi ya kufyonza hewa ukaa kwa muda wote huo. Kilichofanya urefu huo uvumilike ni kifaa kingine kilichoenea katika miaka hiyo hiyo, kile kinachopima hewa ukaa katika kila pumzi inayotoka. Daktari wa usingizi aliweza kuona ongezeko na kuharakisha mashine ya kupumulia mpaka kiwango kirudi. Mwanahistoria anayesimulia miaka ya 1980 kwa kutaja kioo cha televisheni peke yake amemwacha nje aliyekaa upande wa kichwa cha mgonjwa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mamilioni wamefanyiwa upasuaji huu kwa 15, wamekwenda nyumbani siku ya pili, na jeraha lao dogo limewaepusha maumivu, nimonia na wiki za kulala hospitalini. Nakubali yote hayo, na sisemi kwamba njia ya zamani ya kupasua tumbo lote irudi. Ninachosema ni kwamba idadi kubwa ya waliopona inathibitisha uwezo wa mwili wenye akiba, na umakini wa wanaousimamia. Haithibitishi kwamba mwenye moyo dhaifu au figo zilizochoka ana akiba ile ile. Hata kwa aliye mzima hewa huacha alama: wengi hulalamikia maumivu ya bega baada ya upasuaji wa tumbo, kwa sababu neva inayohudumia kiwambo hutoka shingoni pamoja na neva za ngozi ya bega, na kiwambo kilichonyooshwa na kuchomwa na asidi ya hewa ukaa hupeleka malalamiko yake huko.

Wapasuaji nao wana jibu ambalo halipaswi kudharauliwa: ukishusha shinikizo unapunguza nafasi, ukipunguza nafasi unaongeza hatari ya kukata mrija wa nyongo badala ya ule wa mfuko wake, na jeraha hilo huweza kumharibia mgonjwa maisha. Ndiyo maana mwaka 2002 chama cha Ulaya cha wapasuaji wa njia hii, katika mwongozo wake kuhusu hewa ya tumboni, hakikutoa namba mpya kwa kila mtu. Kilishauri kutumia shinikizo dogo kabisa linalompa mpasuaji mwonekano wa kutosha, badala ya kuweka kiwango kimoja kwa mazoea. Kwa macho yangu ushauri huo ulikuwa wa kumrudia Palmer, aliyetaka shinikizo liangaliwe mfululizo, na pia Kelling, aliyetaka kuona hewa inafanya nini. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba shinikizo dogo hupunguza maumivu ya bega, na dawa za kulegeza misuli husaidia kuipata nafasi kwa hewa kidogo. Bado mashine nyingi huwashwa zikiwa kwenye 12 au 15, na mara nyingi hubaki hapo.

Njia ya Mühe haikufa pia. Wajapani katika miaka ya 1990 walijaribu kuuinua ukuta wa tumbo kwa waya na vyuma, bila hewa ya kusukuma. Hospitali tajiri ziliiacha kwa kuwa mwonekano wake ni finyu kuliko ule wa hewa, hasa kwa wanene. Vijijini kaskazini mashariki mwa India imepata makao, kwa hesabu ambayo hospitali za wilaya za Afrika Mashariki zinaielewa vizuri: hewa ukaa inahitaji mitungi inayojazwa mjini, mashine ya kupumulia, kifaa cha kupima pumzi, na daktari wa usingizi wa kuviongoza vyote. Tumbo likiinuliwa kwa chuma, mgonjwa huweza kuchomwa sindano ya ganzi mgongoni na kupumua mwenyewe mwanzo hadi mwisho, vena zake zikiwa wazi, na mpasuaji hulazimika kufanya kazi katika nafasi ndogo kuliko aliyofundishwa.